Miguu ya bata mzinga ya bei poa: ipike kama makongoro, si kama kuku

Mara ya kwanza kupika miguu ya bata mzinga nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nihamie Minnesota, na nilikuwa nimealika watu. Niliipaka tangawizi, kitunguu saumu na bizari, nikaitia kwenye oveni dakika 50. Ikatoka inang'aa, ngozi nyekundu, harufu imejaa nyumba nzima. Wageni wakauma. Nyama ikavutika kama kandambili. Mzee mmoja wa Mombasa, mtu wa adabu zake, akausogeza mguu pembeni ya sahani, akala wali na kachumbari, kisha akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu, nimeshiba." Hakushiba mtu siku ile.

Kosa lilikuwa moja: niliona umbo la mguu wa kuku nikadhani huyu ni kuku aliyekua sana. Siyo. Mambo yake ni ya muundi wa ng'ombe uliovikwa ngozi ya ndege. Ukiupikia hesabu za kuku wa kisasa utatafuna hadi taya ziume. Ukiupikia hesabu za makongoro, yaani maji, moto mdogo na muda, unapata nyama inayoachia mfupa yenyewe na mchuzi mzito unaonata midomoni.

Nikisema mguu hapa ninamaanisha kipande cha kutoka gotini kushuka hadi kifundoni. Paja lenyewe ni kipande kingine, laini zaidi na ghali kidogo. Na sizungumzii ile miguu yenye kucha.

Kwa nini ni mgumu hivi

Bata mzinga dume wa kufugwa kibiashara hufikisha kilo 18 na hata kupita. Uzito wote huo umesimama juu ya miundi miwili. Misuli yake inafanya kazi kutwa, kwa hiyo imefungwafungwa na utando mwingi mweupe, ule ule unaouona kwenye nyama ya mguu wa ng'ombe. Juu ya hapo ana kano, kumi hivi kila mguu, ndefu na nyembamba. Kwa ndege huyu kano hizo hugeuka kuwa ngumu kama mfupa. Ukizitoa utadhani ni vijiti vya kuchokolea meno.

Kano hizo haziivi, hata uzipike siku mbili. Dawa yake ni kuzichomoa, na nitakuonyesha namna. Ule utando mweupe ndio unaoiva: kuanzia kama digrii 70 za Selsiasi unaanza kuyeyuka taratibu na kuwa ute, na kadiri joto linavyokaribia 90 ndivyo kazi inavyokwenda haraka. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunaambiwa nyama ya ndege ni salama ikifika digrii 74 (165 za Farenhaiti), na ni kweli, ni salama. Lakini mguu wa bata mzinga wenye digrii 74 ni salama na hauliki. Unataka ufike 85 hadi 90 na ukae hapo. Kidari ukikifikisha huko kinakuwa ubao mkavu; mguu ndiyo kwanza unaanza kulegea.

Kununua

Minnesota ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa kufuga bata mzinga, kwa hiyo huku hatuna kisingizio. Kinachogombaniwa ni kidari, hasa kile cha kukata vipande vyembamba na kutia kwenye mkate. Miguu hubaki, mingi husafirishwa Mexico, na mingine huuzwa madukani kwa bei ya kutupwa. Pesa inayonipatia kilo moja ya mbuzi kwa muuza nyama wa halali, kwa miguu hii hunipa kilo tatu na chenji ya ndimu. Kwa sisi tunaoangalia halali, maduka ya Wasomali na Waarabu huwa nayo, ila huisha mapema.

Geuza pakiti usome maandishi madogo. Mara nyingi kiwandani nyama huwa imeshaingizwa maji ya chumvi, na asilimia yake imeandikwa. Ukiona hivyo, chumvi yako ipunguze nusu. Angalia pia kama ni mibichi au imeshakaushwa kwa moshi: ya moshi ina rangi ya kahawia iliyoiva na hupikwa kivingine, nitaifikia mwishoni.

Chagua miguu inayolingana. Wa jike huwa gramu 300 au 400 hivi, wa dume hupita 600. Ukichanganya, midogo itakuwa imeshasambaratika wakati mikubwa bado inakukatalia.

Vitu vya kuandaa, kwa watu wanne hadi sita

Miguu 4 mikubwa, kama kilo 2 hadi 2 na nusu
Chumvi laini, nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama
Pilipili manga ya kusaga, kijiko 1 cha chai
Vitunguu maji 3 vikubwa
Kitunguu saumu, punje 8
Tangawizi mbichi, kipande cha kidole gumba
Bizari nyembamba na giligilani ya kusaga, kijiko 1 cha chai kila moja
Manjano, nusu kijiko cha chai
Nyanya 4 zilizoiva au kopo 1 la gramu 400
Maji ya moto, vikombe 2 hivi
Tui zito, kopo 1 la mililita 400
Pilipili mbichi 2, ndimu 2, mafuta ya kukaangia

Hii ni hesabu ya mguu wa kupaka, kwa sababu kwetu Tanga mtu akikuambia kuna nazi na moto wa juu, hakuna kingine cha kuwaza. Ukiwa mtu wa bara unayetaka rosti kavu, acha tui, ongeza nyanya mbili na hoho moja. Namna ya kulainisha ni ile ile.

Siku mbili kabla: kuyeyusha barafu

Pakiti ikitoka kwenye friza huwa jiwe. Iweke kwenye friji, sehemu ya chini, juu ya sinia ili maji yake yasidondokee mboga. Kilo mbili huchukua kama siku nzima, na kwa kuwa miguu huganda ikiwa imeshikana, ipe siku moja na nusu. Ukikurupuka, izamishe kwenye maji baridi ikiwa bado ndani ya mfuko usiopitisha maji, ubadilishe maji kila nusu saa. Kilo mbili zitachukua saa mbili na ushee. Usiiache juu ya meza ya jikoni tangu asubuhi kama tulivyozoea kufanya na samaki. Nje inakuwa na joto huku ndani bado barafu, na huko nje ndiko vijidudu vinakozaliana.

Sasa suala la kuosha. Mamlaka za chakula za Marekani zinasema nyama ya ndege isioshwe, kwa sababu maji yanarusha vijidudu kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo pembeni, na moto ndio unaoviua. Mama yangu, nikimweleza hivyo kwa simu, hunyamaza kidogo kisha huuliza kama mke wangu anajua kwamba sioshi nyama. Nimekuja na suluhu yangu: ninaifuta vizuri kwa karatasi za jikoni, ninang'oa mizizi ya manyoya iliyobaki, basi. Wewe ukishindwa kabisa, ioshe ndani ya bakuli lenye maji na ndimu, si chini ya bomba linalorusha, kisha sugua sinki kwa sabuni na dawa.

Usiku wa kuamkia: kuchanja na kutia chumvi

Weka mguu juu ya ubao, sehemu nyembamba ikuelekee. Kama vidole viwili juu ya kifundo, zungusha kisu chenye makali ukate ngozi na kano zote hadi ugonge mfupa. Utasikia kisu kikikwama na kuachia, tak, tak, kila kinapopita kwenye kano moja. Hapo umezikata zisishikilie nyama kule chini. Zikipata moto, nyama itapanda juu na vichwa vya kano vitachungulia, tayari kushikwa. Kisha chanja kila mguu mikato mitatu upande huu na mitatu upande ule, hadi karibu na mfupa.

Paka chumvi na pilipili manga, uingize na ndani ya mikato. Panga kwenye sinia, usifunike, weka friji hadi kesho. Chumvi inaingia hadi ndani na ngozi inakauka, jambo litakalokusaidia kwenye kukaanga. Ndimu usiitie sasa. Najua mkono utawasha, maana kila nyama kwetu huanza na ndimu, lakini ndimu ikilala na nyama usiku kucha inaipika juu juu, inakuwa kama chaki. Ndimu yetu ni ya mwishoni.

Kama huna usiku, hata saa mbili zinasaidia.

Siku yenyewe: kutia rangi

Tumia sufuria nzito yenye mfuniko unaokaa vizuri, inayoweza kuingia kwenye oveni. Tia mafuta vijiko vitatu, yapate moto. Futa miguu ikauke, uikaange miwili miwili. Usiigeuze geuze. Iache ishike rangi ya hudhurungi upande mmoja, kama dakika nne, ndipo ugeuze. Ukijaza sufuria, miguu itatoa maji na utakuwa unachemsha, si kukaanga. Ikipata rangi pande zote, itoe. Ndani bado mibichi kabisa, usionje.

Punguza mafuta yakizidi, kisha tia vitunguu maji vilivyokatwa vyembamba. Kwangu hapa ndipo penye mchuzi au pasipo na mchuzi. Vitunguu vipe dakika 12 hadi 15 kwa moto wa wastani mpaka viwe na rangi ya asali iliyokolea, ukikwangua chini kwa mwiko ili ile rangi ya nyama iliyoganda iachie. Tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, dakika moja. Tia bizari, giligilani na manjano, koroga nusu dakika tu, maana huungua upesi na uchungu wake hauondoki. Kisha nyanya. Kaanga mpaka zivurugike na mafuta yajitenge pembeni. Ukiona mafuta yameelea, umeshaunga.

Kupika: hapa ndipo uvumilivu unapotakiwa

Rudisha miguu, mimina maji ya moto yafike nusu ya unene wake. Isizame. Isipozama, mchuzi unabaki na nguvu na sehemu ya juu inaivishwa na mvuke. Ikianza kutokota, funika, tia kwenye oveni ya digrii 150 (300 za Farenhaiti). Mfuniko ukiwa haubani, tandaza karatasi ya foili chini yake kwanza.

Miguu ya jike ipe saa mbili kasoro robo. Ya dume saa mbili na nusu hadi tatu. Katikati ya safari igeuze, na uangalie maji. Yakipungua sana, ongeza ya moto, kamwe yasiwe baridi.

Huna oveni? Jiko la juu linatosha, ila moto uwe mdogo kabisa, povu moja moja likipanda. Mchuzi ukichemka kwa fujo, nyama inajikunja na kukamua maji yake yote kabla utando haujayeyuka. Wakati wa baridi mimi ninapendelea oveni, na siyo kwa ajili ya nyama tu: nje kukiwa na digrii 20 chini ya sifuri, oveni iliyowaka saa tatu inafanya jikoni pakalike.

Utajuaje imeiva? Saa peke yake haitoshi. Shika ncha ya mfupa kwa kitambaa uuzungushe kidogo. Ukizunguka ndani ya nyama bila ubishi, umeiva. Ukizunguka pamoja na nyama yote, rudisha, ongeza nusu saa. Wengi huvunjika moyo kwenye saa moja na nusu hivi: wanachoma uma, wanaona nyama ngumu kuliko ilivyoanza, wanadhani wameiharibu, wanaitoa. Hapo ndipo ilipokuwa karibu kugeuka.

Kuchomoa kano

Toa miguu kwa uangalifu, maana sasa inaweza kusambaratika. Iache dakika kumi ipoe kiasi cha kushikika, lakini isipoe kabisa. Ute ukishaganda, kano zinashika tena. Utaziona kule chini ulikokata, vichwa vyeupe vimetokeza kama brashi. Shika kimoja kwa koleo ndogo, vuta polepole kufuata urefu wa mguu, huku kidole cha mkono mwingine kikizuia nyama. Inateleza na kutoka nzima, ndefu kama kiganja, kavu, imechongoka. Mimi nina koleo langu la jikoni tu, lililonunuliwa duka la vifaa vya ujenzi, na watoto wangu hushindana kuhesabu. Mwenye meza ya watoto wadogo asiruke hatua hii. Kano hizi zinachoma koo kama mwiba wa samaki.

Kumalizia: kupaka

Weka sufuria ya mchuzi kwenye moto wa wastani bila mfuniko, engua mafuta ya juu kama yamezidi. Mchuzi ukipungua na kuanza kuwa mzito, mimina tui na pilipili mbichi zilizopasuliwa. Kuanzia hapa usiondoke. Koroga upande mmoja hadi lichemke, kisha punguza moto, ama sivyo tui litakatika. Baada ya dakika kumi lipake mgongo wa mwiko, likishika, limekuwa. Onja chumvi, kamulia ndimu moja.

Panga miguu kwenye sinia la oveni, ipake mchuzi huo kwa brashi au kwa kijiko, uweke chini ya moto wa juu wa oveni, kama kiganja kimoja kutoka kwenye moto. Dakika tatu, toa, paka tena, rudisha. Fanya hivyo mara tatu, mpaka ngozi ishike madoa meusimeusi na nazi iwe imekauka juu yake. Kiangazi ninabanika nje kwenye mkaa, na hapo ladha huwa karibu na ya kwetu, ingawa majirani huchungulia. Mchuzi uliobaki umwage juu, ndimu ya pili uikate vipande uweke mezani. Wali mweupe unatosha. Chapati pia. Ugali, sawa, ila uongeze mchuzi.

Ukiwa na haraka, au mguu wa moshi

Sufuria ya presha inamaliza kazi kwa dakika 45 kwa miguu ya dume na 35 kwa ya jike, kisha uiache dakika 15 ishushe mvuke yenyewe. Ukifungua upesi nyama inakakamaa. Maji kikombe kimoja yatatosha, na tui litiwe baadaye, sufuria ikishafunguliwa. Ladha inafanana, rangi na uzito wa mchuzi utavitafuta kwa kuuchemsha bila mfuniko.

Miguu ya moshi imeshaiva na imeshatiwa chumvi sana. Usiipake chochote. Ichemshe kwa maji, kitunguu na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, saa moja na nusu au zaidi, mpaka ichambuke. Kisha tia sukuma wiki iliyokatwa pana. Watu weusi wa Kusini mwa Marekani hupika majani ya aina hiyo hiyo namna hii, kwa nyama ya moshi na moto mdogo, hadi majani yalegee kabisa. Mimi nimezoea sukuma yenye kukatika meno, kwa hiyo ninaitia dakika 20 za mwisho, na chumvi ninaionja mwisho kabisa. Mara nyingi haihitajiki.

Kilichobaki kitoe kwenye mfupa siku hiyo hiyo, kiweke kwenye friji, kitakaa siku tatu au nne. Nyama iliyochambuliwa ni nzuri kwa sambusa, maana imeshakolea viungo na haitoi maji. Mifupa irudishe kwenye sufuria na maji, karoti na kitunguu, saa mbili nyingine. Kesho yake utakuta supu imeganda kwenye friji kama jeli. Chota vijiko viwili utie kwenye maharage yanapokaribia kuiva.